Bastola haitakulinda na mnyama: neno kwa familia zinazolala pembeni ya pori

Leo siwaletei habari ya mkutano wala ya bei ya unga. Leo natoa maoni yangu, na asiyekubaliana nayo anijibu.

Kuna swali linalorudi kila mara kwenye meseji zetu. Linakuja hivi: "Mwandishi, nyumba yetu ni ya turubai, pori liko hatua chache. Usiku fisi analia, watoto wanaogopa. Kuna mtu ananiuzia bastola. Ninunue? Na ipi ni nzuri?" Wanaouliza si majambazi. Ni baba waliokimbia Kasai wakati wa vita ya Kamuina Nsapu, ni watu waliofukuzwa Angola wakarudi mikono mitupu, ni wachoma makala wanaolala porini siku tatu ili kujaza magunia ya kinga moja. Ni swali la mtu mwenye familia, na linastahili jibu la heshima.

Jibu langu ni hili: usinunue. Nitataja sababu zangu, kisha nitasema cha kufanya, maana kumkataza mtu bila kumwonyesha njia ni kumwacha na woga wake.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Pori letu si lile ambalo wazee walilikuta. Wanyama wakubwa wamepungua sana. Anayemuumiza mtu wa shamba na wa makala mara nyingi ni nyoka. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba nyoka wanaua watu kati ya 81.000 na 138.000 kila mwaka duniani, na Afrika yetu ina sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Sasa niambieni, bastola itamfanya nini moma aliyelala kwenye majani makavu, unayemkanyaga kabla ya kumwona? Hakuna risasi inayotangulia mguu.

Anayefuata ni mnyama wa mtoni. Wanaovua na kuchota maji kwenye mito mikubwa ya kwetu, Kasai kule mpakani na Lulua kule Sandoa, wanajua kiboko na mamba. Kiboko mkubwa ana uzito unaopita kilo 1.500, ngozi yake ni nene karibu sentimita 5, na akiwa nchi kavu anamshinda mtu mbio. Mamba naye haji mbele yako akusubiri ulenge. Yuko chini ya maji, na unapomwona ameshashika mkono au mguu. Fisi na chui wanabaki, na hao kwa kawaida wanaepuka watu walio pamoja, wenye moto na kelele. Wanamtafuta mbuzi asiyefungiwa, mtoto aliye peke yake, mtu aliyelala nje.

Sasa tuangalie hizo bastola zinazouzwa kwa siri katika nchi zilizopita vita. Majina yanajulikana: Makarov ya Warusi, iliyoingia jeshini kwao mwaka 1951, Tokarev, ya miaka ya 1930, na Browning ya Wabelgiji, ile inayoitwa GP, ya mwaka 1935. Watu wanabishana ipi ni bora. Mimi nasema zote tatu ni sawa kwa jambo moja: zilitengenezwa kumpiga mtu. Risasi yake ni ndogo, mtutu ni mfupi, na mkono unaotetemeka gizani haulengi hata mti. Ukimpiga kiboko kwa bastola ya namna hiyo, utakuwa umemkasirisha tu. Ukimjeruhi chui, umetengeneza chui mbaya kuliko yule wa kwanza. Mwindaji yeyote mzee atawaambia hivyo: mnyama aliyejeruhiwa ndiye anayerudi.

Vijana wananijibu kwamba kwenye simu wameona Wamarekani wakichagua bastola za kwenda nazo msituni kwa sababu ya dubu. Ni kweli. Dubu ni mnyama mkubwa ambaye sisi hatuna, na kule Alaska watu wengi wanabeba bastola nzito zenye risasi kubwa kuliko hizi za vita. Lakini wataalamu wa huko wamekaa wakahesabu. Mwaka 2012 walitoa uchunguzi wa matukio 269 ya watu na dubu ambamo kulikuwa na silaha. Waliona kwamba aliyetumia silaha yake na ambaye hakuitumia waliumia kwa kiasi karibu sawa, kwa sababu dubu anakuja haraka na nafasi ya kuchomoa na kulenga ni ndogo. Mwaka 2008 walikuwa wameshachunguza kopo la kupuliza lililotengenezwa kwa ukali wa pilipili. Lilimzuia dubu wa kahawia mara 92 kwa 100, na karibu watu wote waliolibeba walitoka salama. Kopo hilo halipatikani soko la Kisenge, na siwaambii mlitafute. Nawaambia tu kwamba hata kule bastola zinakouzwa dukani, pilipili imeheshimika kama silaha. Wakulima wa Tanzania na Zimbabwe nao wanajua: wanachoma pilipili pamoja na mavi ya tembo ili moshi uwafukuze tembo shambani.

Sababu ya pili ni sheria, na hapa ninaongea hasa na ninyi wahamishwa. Silaha katika nchi yetu zinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Silaha ya vita si ya raia, hata kama umeilipa kwa jasho lako. Tangu sheria ya mahakama za kijeshi ya mwaka 2002, raia anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi kwa ajili ya silaha ya namna hiyo. Bastola anayokuuzia mtu gizani haina karatasi. Ilitoka wapi? Huenda iliibwa. Huenda imeua mtu mahali fulani, na wewe ndiye utakayekutwa nayo.

Kumbukeni mahali tunapoishi. Mwezi wa tatu mwaka 1977, watu wa FNLC walivuka kutoka Angola wakapita kwetu huku, ndiyo ile vita ya siku 80. Mwaka uliofuata wakafika Kolwezi, vita ya siku sita. Upande wa pili wa mpaka, vita ya Angola iliendelea hadi 2002. Katika nchi iliyopitiwa namna hiyo, mgeni mwenye bastola haulizwi habari za fisi. Anaulizwa: "Uko kundi gani? Nani amekutuma?" Mwenyeji akikutwa nayo, atakuwa na mjomba wa kumtetea kwa chifu. Wewe uliyefika juzi, nani atasimama kwa ajili yako? Na wakikushika wewe mmoja, jina litabandikwa kwa familia zote za turubai. Huo ndio ukweli mchungu ninaotaka muupime kabla ya kutoa franga zenu.

Sababu ya tatu iko ndani ya nyumba. Mnyama anapita usiku mmoja kwa mwezi, au kwa mwaka. Bastola inalala na ninyi kila usiku. Iko chini ya mto wa kulalia, na nyumba ya turubai haina kabati wala kufuli. Mtoto anaiona, anacheza nayo. Baba anarudi amekunywa lutuku, ugomvi unaanza. Jirani anasikia kwamba kwako kuna silaha, na wezi wanakuja kuitafuta. Umenunua kitu cha kufukuza fisi, na sasa hatari iko upande wa ndani wa mlango.

Wengine wataniambia: "Mwandishi, babu zetu walikuwa na bunduki na pori lilikuwa la amani." Sawa, lakini tusichanganye mambo. Mzee mwindaji alikuwa na bunduki ndefu, kaliba 12 yenye ruhusa au pupu ya fundi, na kijiji kizima kilimjua mwenyewe. Alifundishwa miaka na mwindaji mwingine. Hakuitembeza sokoni mfukoni. Mnyama akisumbua, aliitwa yeye, hakuitwa kila baba wa nyumba. Mimi sipingi jambo hilo. Kama mahali fulani kweli panahitaji bunduki, iwe ndefu, iwe na karatasi, iwe mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana na chifu na polisi. Bastola ya siri ni jambo lingine kabisa.

Basi tufanye nini? Pesa ya bastola inanunua vitu vingi. Nunua bote za mpira na tochi. Nyoka wengi wanauma mguu na kifundo, usiku au kwenye majani. Lala ndani ya chandarua, na chomeka ncha zake chini ya mkeka vizuri. Kinazuia mbu, na kinazuia nyoka pia. Usiingize mkono kwenye shimo wala chini ya magogo ya tanuru la makala; tumia fimbo kwanza. Safisha majani kuzunguka nyumba. Usiache nafaka na takataka karibu na kitanda, kwa maana panya anafuata chakula na nyoka anamfuata panya.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje kwa wembe, msimfunge kamba ya kukaza, msipoteze saa mkibandika jiwe jeusi. Mtulizeni, asitembee, mtoeni pete na bangili, mguu au mkono usicheze, mpelekeni kwenye kituo cha afya mara moja, kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili kama hakuna gari.

Kwa mtoni: kiboko anatoka majini jioni kula majani, anarudi kabla ya kupambazuka. Basi msichote maji saa hizo, na msisimame kati yake na mto, hasa mama mwenye mtoto wake. Msichote mahali pale pale saa ile ile kila siku, kwa sababu mamba anajifunza mwendo wenu. Kandokando ya mto Zambezi watu wanapiga miti ndani ya maji, inakuwa kama lupango, na mama anachota akiwa ndani ya uzio. Sisi tuna miti, tuna mikono. Kinachokosekana ni siku moja ya kazi ya pamoja.

Kwa porini: tembeeni wanne au watano, mkiongea. Kila mtoto anayekwenda kuokota vinkubala au uyoga awe na filimbi shingoni. Mbuzi na kuku waingie ndani kabla ya jua kuzama. Mbwa mmoja anayebweka ni mlinzi mzuri kuliko bastola tano, lakini achanjwe, kwa sababu mbwa mwenye kichaa naye anaua. Na usiku, nyumba kumi ziwashe moto mmoja na kupeana zamu.

Wakubwa nao wasikie. Familia hazikuchagua kulala pembeni ya pori, ndipo walipoonyeshwa. Kisima kimoja katikati ya makazi kinawaondoa mama na watoto mdomoni mwa mamba kuliko bunduki yoyote. Dawa ya sumu ya nyoka iwepo mahali ambapo mgonjwa anaweza kufika akiwa bado anapumua. Na wale ambao tayari wana silaha iliyofichwa, wapewe njia ya kuirudisha bila kukamatwa, kupitia kwa chifu, padri au mchungaji. Mtu anayeogopa jela akiirudisha ataiuza kwa mwingine, na swali lile lile litarudi kwenye simu yangu.

Wewe baba uliyeniuliza ipi ni nzuri, nakujua kwamba hulali kwa sababu ya watoto. Kesho asubuhi, kabla hujamtafuta yule muuzaji, pita kwa majirani zako tisa. Waulize nani ana tochi, nani ana mbwa, nani atakaa zamu ya kwanza. Watoto wako watalala vizuri zaidi wakisikia watu kumi wakiongea nje kuliko wakijua kuna chuma chini ya mto.

Anayetaka kunipinga, meseji ziko wazi. Nitazisoma zote hewani, hata zile za hasira.