DAWA IMEVUKA BAHARI, MBONA IKWAME MJINI?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliujua ugonjwa wa hemofilia kupitia kwa rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja. Mwaka jana, muhula wa pili, aligongwa goti kidogo tu uwanjani. Tulimcheka tukidhani anajidai. Kufikia jioni goti lilikuwa limefura kama boga. Katika zahanati ya karibu alipewa tembe za maumivu, akaambiwa apumzike. Majirani nao wakasema ati amerogwa! Siku ya tatu ndipo mamake alipompeleka kwa matatu, mwendo wa saa 3, hadi hospitali ya rufaa.

Ndugu msomaji, hebu nieleze kidogo. Mwenye hemofilia hana protini ya kutosha ya kugandisha damu. Akiumia, damu haikatiki upesi. Mara nyingi huvujia ndani ya goti au kiwiko mpaka kiungo kikaharibika. Ugonjwa huu hurithiwa na huwapata hasa wavulana. Aina ya A, ambayo ndiyo imeenea zaidi, humpata takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa.

Kwa kuwa wagonjwa ni wachache na dawa ni ghali mno, nchi nyingi hushirikiana. Shirikisho la Hemofilia Duniani lilianzishwa mwaka wa 1963 na makao yake yako Montreal, Kanada. Tangu 1996 limekuwa likitoa dawa za msaada kwa nchi zisizojiweza, Kenya ikiwemo. Aidha, wataalamu kutoka Indianapolis, Marekani, wameshirikiana na madaktari wa Eldoret kuwapima na kuwatibu wagonjwa. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, ushirikiano huu una pengo, na pengo lenyewe haliko baharini wala mpakani. Liko hapa kwetu. Dawa husafiri kwa ndege maelfu ya kilomita, kisha hukaa katika hospitali chache za miji mikubwa. Wataalamu hushauri mgonjwa adungwe mapema, ikiwezekana katika saa 2 za kwanza. Sasa mtu aliye mbali hivyo atawahi vipi? Na nauli je?

Wapo watakaosema kwamba malaria huua wengi zaidi, kwa hivyo tusiwashughulikie hawa wachache. La hasha! Dawa yenyewe tumepewa bure. Kilichobaki ni friji ya kuihifadhi, muuguzi aliyefunzwa na simu ya kumuuliza daktari wa mjini. Tangu 2013 serikali za kaunti ndizo zinazosimamia hospitali nyingi. Kwa maoni yangu, kila kaunti ingeweka dawa hii japo katika hospitali moja iliyo karibu na vijiji, na wazazi wafunzwe kuwadunga watoto wao nyumbani.

Isitoshe, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msaada unaweza kukoma wakati wowote. Serikali yetu ianze kutenga pesa za kununua angalau sehemu ya dawa. Nchi za Afrika Mashariki zikiagiza pamoja, huenda zikapata bei nafuu.

Sisi pia tuna wajibu. Kabla ya kijana kupashwa tohara, wazee waulize kama kuna mjomba au ndugu aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma. Akiwepo, kijana apimwe kwanza. Swali hilo halina gharama, lakini laweza kuokoa maisha.

Rafiki yangu amerudi darasani, ila anachechemea. Angedungwa siku ile ile, labda angekuwa bado anacheza nasi. Mimi ni mmoja wa waliomcheka, na kila nikimwona akishika ukuta kupanda ngazi, naona haya. Dawa imevuka bahari. Tuifikishe kijijini.