Mwalimu wa Kajiado hana haja na Singapore

Barabara ni ile ile moja. Inatoka Kitengela, inapita Isinya, Kajiado na Bissil, inafika Namanga, kisha inavuka mpaka na kuendelea hadi Longido na Arusha. Malori ya saruji yanaijua. Ng'ombe wanaijua kuliko malori. Hata timu za shule zetu zinaijua: mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki yalipofanyika Arusha mwaka 2019, na tena 2022, walimu wa michezo walivuka na vijana wao, orodha za wachezaji mkononi. Mwalimu wa hisabati wa shule hizo hizo hajavuka hata siku moja kwa ajili ya somo lake, wala hakuna ofisi inayoona haya.

Wanaovuka mipaka kwa jina la elimu tunawajua. Ni mkurugenzi, ni mwanakamati, ni ofisa wa mipango. Leo wako Singapore, kesho Finland. Dubai nayo haikosi, ingawa sijasikia bado Dubai inatufundisha nini kuhusu darasa lililofurika watoto wanaokalia dawati moja wanne wanne. Wanarudi na picha ya pamoja, mkoba wa kongamano na ripoti ya kulala kabatini. Wakuu wa shule wana mkutano wao wa kila mwaka Mombasa: waziri anahutubia, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) inahutubia, wachapishaji wanatandaza vitabu. Bahari sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba katika misafara yote hiyo humwoni aliyetoka darasani jana na atakayerudi darasani kesho.

Huyo wa darasani akitaka kujiendeleza, anapewa bili. Septemba 2021, TSC ilipozindua mafunzo ya lazima, walimu waliambiwa watalipa Sh6,000 kila mwaka kwa miaka 30. Zidisha mwenyewe: Sh180,000, ili mtu aruhusiwe kuendelea na kazi aliyosomea. Nenda Kitengela, mji wa akademi za binafsi zilizobanana kati ya ploti na ploti, ambako walimu wengi likizo ikianza mshahara nao unakwenda likizo. Au muulize mwalimu mwanagenzi aliyepelekwa sekondari ya msingi kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Halafu mweleze kwa utulivu kwamba weledi wake unadaiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kajiado yenyewe ilishaonyesha njia. Mwaka 1998 serikali na shirika la Japani, JICA, walianzisha SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari. Wilaya 9 zilichaguliwa kufanyiwa majaribio, na Kajiado ilikuwamo. Shule zikifungwa, walimu walikusanyika, wakafundishana, wakakosoana. Kanuni ilikuwa fupi: panga, tenda, tazama, boresha. Kazi ilifanywa kwa mikono. Mwalimu wa kemia asiye na maabara anaponda maua mekundu ya haibiskasi ndani ya spiriti kidogo, anachuja, tayari ana kiashirio. Akidondoshea maji ya limau, wekundu unakolea. Akitia magadi, haya haya ya Ziwa Magadi, rangi inageuka kijani na darasa zima linainuka kutazama. Nani atasahau asidi na besi baada ya hapo?

Na mambo hayakuishia Kenya. Mwaka 2001 nchi za Afrika ziliunda mtandao wa mradi huo, na walimu kutoka Zambia, Malawi na kwingineko wakawa wanakuja Nairobi kujifunza kwa wenzao. Wenzao, nasema, watu wenye chaki vidoleni. Ni kweli walimu wetu walinung'unika: likizo zao zilichukuliwa, marupurupu yalikuwa ya kubahatisha, na cheti hakikumpandisha mtu daraja. Walikuwa na haki. Waliobuni mafunzo ya leo wangeanzia kwenye manung'uniko hayo wayaondoe. Wao wakaongezea ada.

Mfano mwingine uko Kajiado mjini. Shule ya msingi ya wasichana ya AIC, ile ya Mwalimu Priscilla Nangurai aliyewapokea mabinti waliokuwa wakiozwa wakiwa wadogo, ilikuwa miongoni mwa shule za mfano za FAWE, shirika la wanawake wanaelimu wa Afrika, sawa na shule ya Mgugu kule Morogoro. Katika shule hizo uliingizwa mpango wa Tuseme, unaowapa wasichana jukwaa la kuigiza na kusema kinachowakwamisha. Tuseme ilizaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, mwandishi wa tamthilia Penina Muhando Mlama akiwa mmoja wa waasisi wake. Wazo la Mtanzania likapata kazi kwa binti wa Kimaasai wa Kenya. Halikuhitaji kupitia London.

Sasa tazama tunavyohangaika kila mtu kivyake. Rwanda ilianza mtaala wa umilisi 2016. Sisi tukauingiza shule zote 2019, Uganda ikabadilisha sekondari ya chini 2020, Tanzania ikaanza mtaala wake mpya 2024. Majirani wanne, maumivu yale yale: tathmini isiyoeleweka, vifaa haba, mzazi aliyechoka kutafuta makaratasi ya rangi usiku. Mwalimu wa Namanga hajui mwenzake wa Longido amelitatua vipi tatizo ambalo yeye linamkosesha usingizi.

Tena watoto ni wale wale! Ukame ukikaza, familia inahama na mifugo na mpaka haiuoni. Mtoto aliyesoma shule ya umma upande wa Tanzania hesabu ya sehemu anaijua barabara, kwa Kiswahili. Akifika huku anakuta ubao wa Kiingereza, anaduwaa, anahesabiwa zuzu, anarudishwa darasa la nyuma. Mwalimu aliyekaa Longido wiki moja asingefanya kosa hilo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imetufanyia kichekesho. Imetiwa saini mikataba ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mwalimu hayumo. Kwa hiyo anayemtibu ndama wa Kajiado ana mkataba unaomtambua ng'ambo, na anayemfundisha mchungaji wa ndama huyo hana.

Dawa ni walimu wa Kajiado na Longido kutembeleana madarasani, na msiniambie ratiba hairuhusu. Agosti shule za Kenya zikifungwa, za Tanzania ziko katikati ya muhula. Juni wao wakiwa likizo, sisi tunafundisha. Kalenda mbili zimepishana kana kwamba zilipangwa kwa kazi hii. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Namanga kipo tangu kizinduliwe na Marais Kenyatta na Magufuli Desemba 2018. Mkurugenzi wa elimu wa Kajiado na mwenzake wa Longido wanaweza kukutana hapo asubuhi na kila mmoja akala chakula cha mchana kwake. Waandike barua mbili. Ya kwanza kwa Uhamiaji wa pande zote, ili mwalimu aliyekuja kukaa darasani wiki mbili asihojiwe kama mtafuta ajira. Ya pili kwa TSC, ili wiki hizo zihesabiwe kuwa mafunzo kamili, bila senti ya ada, na zionekane siku ya kupandishwa daraja. Waanze na walimu ishirini, nusu wa shule za umma na nusu wa zile akademi za Kitengela ambazo kila mtu anajifanya hazioni. Na mkuu wa shule atakayemnyima mwalimu wake ruhusa, basi mwaka huo naye Mombasa asiende.