Asilimia Mia Moja, Lakini ya Watoto Gani?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la sita yanapotangazwa, parokia zetu za Butembo na Beni hujaa majigambo. Shule hii imefaulisha watoto wote. Shule ile imeanguka. Tunapiga makofi, na wazazi wanaanza kuulizana watoto wao wahamie wapi mwezi wa Septemba. Sisi walei, tuliofunzwa kazi ya ualimu na ya ukatekista, hatukatai furaha hiyo. Lakini tunasema waziwazi: asilimia isiyotaja ni watoto gani waliohesabiwa ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa inawaumiza maskini.

Tukumbuke kwanza shule hizi ni mali ya nani. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitwaa shule za Makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha chini ya uongozi wa Makanisa kwa mkataba, na ndiyo maana tunaziita shule za mkataba. Tangu hapo, serikali ndiyo inayopaswa kuwalipa walimu, kupanga programu na kukagua. Kanisa linaongoza kazi ya kila siku. Ni shule za umma zilizokabidhiwa mikononi mwetu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na agizo hilo lilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019. Basi mtoto anayebisha hodi kwenye shule yetu haombi hisani. Anadai haki yake.

Na anayebisha hodi ni nani? Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamezifukuza familia kutoka Eringeti, Oicha, Mbau na Watalinga. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, wengine wakapanda kutoka kusini ya Lubero. Mtoto wa familia hizo anafika bila buletini, kwa sababu aliyekimbia usiku hakubeba karatasi. Pengine amepoteza mwaka mzima wa masomo. Amezoea Kitalinga au Kimbuba nyumbani, na sasa anadaiwa kujibu mtihani kwa Kifaransa. Amewazidi wenzake umri, anaona haya kukaa nao benchi moja. Jioni analala katika nyumba ya watu waliompokea, ambamo hamna taa wala nafasi ya kufungua daftari. Mtoto huyo hakukosa akili. Alikosa shule.

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hulinong'ona tu. Asilimia inaweza kulindwa langoni, kabla mtihani haujaandikwa. Mzazi anaambiwa darasa limejaa, na kesho yake mtoto wa mtu anayejulikana anapata kiti. Anaambiwa alete buletini ambayo imeungua pamoja na nyumba. Mtoto dhaifu anarudishwa darasa la tano, au wazazi wake wanashauriwa kwa upole wajaribu shule nyingine. Hakuna aliyeiba mtihani, na hesabu inatoka safi. Tuchukue mfano wa kufikiria. Shule moja ina watoto 40 katika darasa la sita, na wote wanafaulu: asilimia 100. Jirani yake imepokea 80, na 60 wanafaulu: asilimia 75. Makofi yatakwenda kwa ya kwanza. Lakini ya pili imewapa cheti watoto 20 zaidi, na miongoni mwao wako waliokataliwa na ile ya kwanza. Ni ipi iliyofundisha?

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba madarasa yalifurika tangu 2019. Kwamba wako walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali. Kwamba mwalimu mwenye njaa hawezi kubeba watoto wanaohitaji kuanzishwa upya. Hayo ni kweli, na tunayatamka pamoja nao. Serikali iliyoahidi elimu ya bure ina deni kwa mwalimu, nalo lidaiwe bila woga. Lakini deni la serikali lisilipwe na mtoto. Mzigo ukiwa mzito, wenye nguvu huongeza mabega. Hawamtupi kando ya njia aliye mdogo kuliko wote.

Kanisa halikutuacha gizani juu ya jambo hili. Tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliomba shule katoliki ziwajali hasa maskini na wanaokosa msaada wa familia. Miaka miwili baadaye, huko Barbiana nchini Italia, wanafunzi wa Padri Lorenzo Milani walitoa kitabu ambamo walihesabu watoto ambao shule iliwaangusha, wakaonyesha kwamba wengi walikuwa watoto wa wakulima. Walihesabu wale ambao wengine hawakutaka kuwahesabu. Na katika Injili ya Luka, sura ya 15, mchungaji mwenye kondoo tisini na tisa nyikani hakusema, «Hesabu yangu ni nzuri.» Alitoka kumtafuta mmoja.

Vijana, kazi hii ni yenu pia. Matokeo yatakapotangazwa tena, iulizeni kamati ya wazazi kwa adabu: mwaka ulipoanza mlipokea wangapi? Wahamishwa walikuwa wangapi? Walioandika mtihani ni wangapi, na wengine walikwenda wapi? Halafu msiishie kwenye maswali. Ninyi mliomaliza sekondari, fungueni ukumbi wa parokia jioni mbili kwa juma, muwasaidie watoto hao kusoma Kifaransa na kufanya hesabu. Mfuateni mzazi asiyejua kuandika hadi ofisi ya shule, mkasimame naye mpaka jina la mtoto wake liandikwe. Shule itakayoshuka asilimia chache kwa sababu imewafungulia mlango watoto hao, ndiyo tuipigie makofi kanisani, mbele ya watu wote.