Kitu Kikianguka Ndani ya Tangi la Motokari



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo liwezalo kuleta msiba mkubwa. Mtu anatia esansi katika motokari yake kando ya njia, na kifuniko cha bidoni kinamponyoka na kuingia katika shingo ya tangi. Kijana msaidizi wa kamio anapangusa vumbi mdomoni mwa tangi, na kitambaa chazama. Au mtoto anayecheza karibu na motokari ya baba yake anakuta tangi halikufungwa, naye anatumbukiza humo kijiti, msumari au kokoto, apate kusikia mlio wake. Kitendo chenyewe chapita upesi sana. Yatakayofuata yategemea akili ya watu wazima waliopo.

Jambo la kwanza ni kuiacha motokari palepale, injini ikiwa imezimwa, na kuuliza: ni kitu gani kilichoanguka? Swali la nani aliyekiangusha laweza kungoja. Mzazi akianza kwa makofi, mtoto hatasema kweli, na fundi atafanya kazi gizani. Lakini akijua kwamba anatafuta msumari, au karatasi, au kipande cha mpira, nusu ya kazi imekwisha.

Hapa yafaa tufahamu tabia ya esansi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya esansi haifiki kilo, ni kama gramu 750 tu. Kwa sababu hiyo kifuniko cha plastiki kinachoelea vizuri katika ndoo ya maji huzama katika esansi. Wako watu wanaojaza tangi hadi juu wakitumaini kwamba kifuniko kitapanda hadi mdomoni, wapate kukiokota kwa vidole. Wanapoteza fedha zao, tena wanamwongezea fundi kazi ya kuitoa esansi hiyo yote.

Sasa tupambanue vitu vya namna tatu.

Vya kwanza ni vitu vizito na vigumu: nati, msumari, kokoto. Hivyo hulala chini ya tangi. Mahali pa kunyonyea esansi pana kichujio, navyo haviwezi kupita. Mara nyingi fundi atashauri viachwe hadi siku tangi litakaposhushwa kwa kazi nyingine, ingawa mwenye motokari atasikia pengine vikigongagonga njiani.

Vya pili ni vitu laini: kitambaa, karatasi, jani, mfuko wa plastiki. Hivyo ndivyo vibaya zaidi. Pompa ikivuta esansi, kitambaa huja nayo na kubandika juu ya kichujio. Injini hukosa nguvu, kisha huzimika. Dereva ashukapo kutazama, pompa imenyamaza, kitambaa kimeachia, na baada ya dakika chache injini yawaka kana kwamba haikupatwa na neno. Mwenyewe hulaumu buji, au waya, au fundi wa juma lililopita. Tufikiri sasa kwamba motokari hiyo imebeba jamaa nzima na inapanda kona za Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Katika motokari nyingi injini ndiyo inayousaidia mguu katika breki na mikono katika usukani. Ikizimika, vyote viwili huwa vizito ghafula. Kitambaa chenye upana wa kiganja chaweza basi kuhatarisha watu wote waliomo. Kitu laini sharti kitolewe kabla ya safari yo yote.

Vya tatu ni vile vinavyotawanyika: mchanga, maji, sukari. Wengi husema kwamba sukari huyeyuka katika esansi na kuigandisha injini kama asali. Si kweli. Sukari haiyeyuki katika esansi. Hukaa chini kama mchanga na kuziba vichujio. Maji nayo huteremka chini ya esansi, huleta kutu katika tangi la chuma, na yakivutwa na pompa, injini hukohoa na kufa. Dawa ya vyote vitatu ni moja: kulimwaga tangi na kulisafisha. Anayewasha injini ili ajaribu tu huyapeleka mabaya hayo mbele zaidi, hadi mahali ambapo matengenezo ni ya bei kubwa.

Je, mtu aweza kufanya nini mwenyewe? Aweza kutazama shingoni. Katika motokari nyingi shingo ya tangi ina kizuizi au wavu, na kitu chaweza kuwa kimenaswa karibu. Motokari iwe nje, penye hewa, mbali na jiko na mbali na wavutao sigara. Kwa kuangaza ndani, kioo cha mkononi kinachorudisha nuru ya jua chatosha, nacho hakina moto. Kilicho karibu kivutwe polepole kwa ndoano ya waya wa shaba. Msumari na nati vyaweza kufuata sumaku iliyofungwa kwenye uzi imara. Lakini shaba, aluminyo na plastiki haziisikilizi sumaku. Kitu kisichotoka kwa upole kisisukumwe. Kilicho shingoni ni kazi ya nusu saa. Kikisukumwa hadi tangini chaweza kuwa kazi ya siku nzima.

Kitu kikiwa tangini kabisa, aitwe fundi. Naye fundi mwema twamtambua kwa mwendo wake. Hung'oa kwanza waya wa betri, kabla tangi halijafunguliwa, ili pasitokee cheche penye mvuke. Huinyonya esansi kwa pompa ya mkono na kuitia katika bidoni zilizowekwa chini juu ya udongo, kisha huzifunga. Katika motokari nyingi za siku hizi pompa imo ndani ya tangi, na mlango wake huwa chini ya kiti cha nyuma. Fundi huingilia hapo. Katika kamio nyingi kuna kizibo chini ya tangi, nacho hufunguliwa ili uchafu uteremke. Mwishoni huangalia vichujio kabla ya kurudisha cho chote.

Yako mambo matatu ambayo twayakataza bila kusitasita.

La kwanza, msimulike tangi kwa kiberiti, mshumaa au taa ya mafuta, hata mara moja. Esansi hutoa mvuke hata katika baridi kali kuliko ile ya vilele vya milima yetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini, huingia mashimoni, na waweza kuukuta moto ulio mbali. Mazutu haishiki moto upesi hivyo, lakini nayo isichezewe.

La pili, msivute esansi kwa mdomo na mpira. Tone dogo likiingia katika mapafu huyaunguza, na mtu aweza kufa kwa ugonjwa wa mapafu ingawa alimeza kidogo sana. Aliyemeza asitapishwe, kwa maana akitapika esansi yaweza kupita katika njia ya pumzi. Apelekwe hospitali mara moja.

La tatu, msikubali tangi lililotolewa lichomelewe eti kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, maana limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Hulipuka kama bomu.

Ye yote aonaye kwamba twatia chumvi akumbuke Sange, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 2 Julai 2010 kamio iliyobeba mafuta ilipinduka huko. Watu walikusanyika na vyombo kuchota yaliyomwagika. Moto ukalipuka, ukaua watu zaidi ya 230, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa katika nyumba za karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakuwa na chombo mkononi. Mvuke na moto viliwafuata walipoketi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Kifuniko cha tangi kiwe na kufuli, na kikiwa na kamba yake kamba isikatwe. Ununuapo kwa wale wauza mafuta wa njiani ambao watu huwaita Kadhafi, tumia faneli yako mwenyewe yenye wavu mwembamba, na utazame chupa kabla haijamiminwa. Mdomo wa tangi usipanguswe kwa kitambaa kidogo kinachoweza kuponyoka. Watoto nao waelezwe kwamba mdomo ule si tundu la kuchezea, na waambiwe kwa nini.

Lakini kwa watoto twaongeza neno moja. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto aliyechapwa leo kwa sababu ya msumari, kesho atanyamaza kwa sababu ya kitambaa, nanyi mtapanda motokari bila kujua mnachokibeba. Basi siku mtoto atakapokuja mwenyewe, akitetemeka, na kusema, "Baba, nimetumbukiza kitu tangini," mshike mkono, mshukuru kwanza, umwulize ni kitu gani, kisha ufunguo wa motokari utie mfukoni. Maonyo yatafuata jioni, sauti ikiwa imetulia. Huenda kwa neno lake hilo amewaokoa wote waliokuwa wakijiandaa kwa safari.