Takwimu za Karim zilipaswa kututisha

Leo sitaandika kuhusu seva wala hifadhidata. Naandika kuhusu kriketi. Najua, najua: hapa Machakos sisi ni watu wa soka na raga, na wengi wenu mlifika ukurasa huu mkitafuta msaada wa programu iliyokataa kufunguka. Vumilieni. Mkifika mwisho mtaona ni jambo lile lile.

Hoja yangu naiweka mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Takwimu za Aasif Karim dhidi ya Australia mwaka 2003, ambazo Wakenya tunazitumiana kwenye simu kama picha ya harusi, hazikuwa za kushangilia tu. Zilikuwa kengele ya hatari. Tuliisikia, tukaicheza kama muziki.

Kwa vijana ambao hawakuwepo: mwaka huo Kenya iliandaa Kombe la Dunia la kriketi pamoja na Afrika Kusini na Zimbabwe. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, tukapewa pointi. Tukaifunga Canada. Tarehe 24 Februari, pale Nairobi Gymkhana, tukaifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53. Collins Obuya, kijana wa miaka 21, alirusha ova 10, akatoa mikimbio 24 tu na kuangusha wiketi 5. Tukaifunga Bangladesh, tukaingia raundi ya timu sita, tukaifunga Zimbabwe, na tarehe 20 Machi tukasimama Durban kwenye nusu fainali dhidi ya India. India walipiga 270, sisi 179. Safari ikaishia hapo.

Siku tano kabla ya nusu fainali hiyo, uwanja ule ule wa Durban, tulicheza na Australia, mabingwa wa dunia. Tulishindwa. Lakini Karim, mzee wa miaka 39 aliyekuwa nahodha wetu kwenye Kombe la Dunia la 1999, kisha akastaafu, kisha akaombwa arudi, alirusha ova 8 na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Alitoa mikimbio 7 kwa jumla na kuangusha wiketi 3, ya Ricky Ponting ikiwemo. Timu yake ilishindwa, lakini yeye ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Hadithi tamu. Naipenda kama mnavyoipenda. Sasa tuisome kama msimamizi wa mitambo anavyosoma ripoti ya asubuhi.

Kwa asiyejua sheria: katika kriketi ya ova 50 kila timu hurushiwa mipira 300, mipira 6 kwa ova. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 10. Kwa hiyo hata ukiwa na mrushaji bora duniani, anakufanyia kazi sehemu moja tu ya tano. Lazima uwe na watu watano, na mwenye akili huweka wa sita na wa saba, kwa sababu kuna siku mmoja atapigwa vibaya na mwingine atavuta msuli. Kwenye mashindano ya wiki sita, tena unapokaribia mtoano, swali linalomnyima kocha usingizi ni hili: nani amebaki na mkono mzima, na akianguka nani anainuka?

Hebu tupange mikono ya 2003 na umri wake. Martin Suji, 31. Maurice Odumbe, 33, ambaye pia tulimtegemea kupiga: dhidi ya Bangladesh alifunga mikimbio 52 bila kutolewa, kisha akaangusha wiketi 4. Steve Tikolo, nahodha, 31, naye mpigaji wetu mkuu aliyelazimika kurusha. Peter Ongondo, 26. Thomas Odoyo, 24. Obuya, 21. Na Karim, 39.

Umeona? Kwenye upande wa kuzungusha mpira, ambao ndio uliotubeba, tulikuwa na kijana mmoja, mstaafu mmoja, na wapigaji wawili waliovaa kofia ya pili. Nyuma yao, nani? Kumrudisha mtu kutoka kwenye kustaafu ni jibu la swali. Swali lenyewe lilikuwa: katika miaka minne tangu 1999, mbona hakupatikana hata kijana mmoja wa kurithi mkono ule wa kushoto?

Hilo ndilo swali ambalo takwimu zile zilizima. Karim alirusha vizuri mno. Laiti angepigwa siku ile, wakubwa wa kriketi wangeulizwa maswali. Alipofaulu, hakuna aliyeulizwa kitu.

Sasa angalia kilichofuata. Karim aliondoka kabisa baada ya nusu fainali. Obuya alisajiliwa na Warwickshire kule Uingereza mwaka huo huo, goti likamsumbua, na mzunguko ule wa Gymkhana haukurudi tena. Baadaye aligeuka mpigaji. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka 5 kwa kuhusiana na watu wa kamari. Kwa hesabu yangu, ndani ya mwaka mmoja na nusu mikono mitatu ilikuwa imetoweka, kila mmoja kwa sababu yake. Hakuna hata moja ya sababu hizo iliyo ya ajabu. Wazee hustaafu. Vijana huumia. Watu hufungiwa. Mfumo unaoporomoka kwa sababu mambo ya kawaida yametokea haukuwa mfumo.

Katika kazi yangu ninaita hiyo kukosa nakala ya akiba. Nimeingia ofisi moja mjini hapa nikakuta kumbukumbu za miaka 8 ziko kwenye kompyuta moja chini ya meza, karibu na ndoo ya kupigia deki. Nilipouliza nakala iko wapi, nikajibiwa kwamba mashine hiyo haijawahi kusumbua. Jibu hilo ndilo linalonitisha kuliko mashine yenyewe. Kutosumbuliwa jana si mpango wa kesho. Na tazama jinsi Kiswahili kilivyo na hekima: nakala ya akiba, mchezaji wa akiba. Neno moja, kazi moja.

Najua kuna atakayesema namlinganisha mtu na diski. Haya, twende Marekani kwenye besiboli, mchezo ulio binamu wa kriketi, ambako mkono wa mrushaji huhesabiwa kama fedha benki. Mwaka 2012 Washington Nationals walikuwa na rekodi bora katika ligi yote, mechi 98 walizoshinda. Mrushaji wao kijana, Stephen Strasburg, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2010. Septemba, mtoano ukiwa mlangoni, viongozi wa timu walimsimamisha. Msimu wako umekwisha, pumzika. Mashabiki waliwaka moto. Timu ikatolewa na St. Louis Cardinals kwa mechi 3 kwa 2, na moto ukaongezeka.

Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ilichukua ubingwa, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Strasburg. Baada ya hapo mwili wake ulikataa, na hakucheza tena ipasavyo. Kwa hiyo walifanya sawa au walikosea 2012? Wamarekani hawajamaliza kubishana, na mimi siwaamulii. Ninachotaka mwone ni kwamba waliweza kubishana. Walikuwa na mtu wa kumweka badala yake, ndiyo maana kumpumzisha lilikuwa jambo la kuamuliwa. Sisi 2003 hatukuamua lolote. Karim alirusha kwa sababu hakukuwa na mwingine kama yeye. Uteuzi wa kikosi usio na wa kumwacha nje si uteuzi, ni kuita majina ya waliopo.

Nazijua hoja za upande wa pili, na sizidharau.

1. "Hakukuwa na mechi." Kweli. Mwaka 2004 wote, mwaka mmoja tu baada ya nusu fainali, Kenya ilicheza mechi 2 tu za kimataifa za ova 50, za Kombe la Mabingwa kule Uingereza dhidi ya India na Pakistan. Wakubwa wa kriketi duniani walitupigia makofi kisha wakafunga mlango. Nakubali, na bado nina hasira. Lakini mrushaji wa akiba halelewi Southampton. Analelewa Nairobi na Mombasa, kwenye ligi, Jumapili, kwa kupewa ova zake 10 hata anapopigwa.

2. "Hakukuwa na pesa." Hakukuwa na amani. Wachezaji na wasimamizi waligombana juu ya malipo hadi kukawa na migomo, na mwaka 2005 chama cha zamani kikazikwa na kipya kikaundwa. Pesa ikikosekana unapanga kwa uangalifu zaidi. Maskini ndiye anayehitaji akiba, tajiri hununua.

3. "Ilikuwa bahati tu, hatungerudia." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Obuya kuangusha Wasri Lanka 5 si bahati. Bahati ilikuwa zile pointi za New Zealand. Ukiita kila kitu bahati, hutajisumbua kujenga.

Ushahidi wa mwisho ni huu, na kwangu unatosha peke yake. Mwaka 2011, miaka 8 baada ya Durban, Kenya ilikwenda tena Kombe la Dunia. Tulishindwa mechi zote 6. Ndani ya kikosi alikuwemo Steve Tikolo, mchezaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Umri wake? 39. Ule ule wa Karim. Na siku nzuri kuliko zote za safari ile ilikuwa ya Collins Obuya kufunga mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Kwa kupiga. Mkono uliowaangusha Sri Lanka sasa ulishika gongo, na wa kuurithi hakuwepo. Januari 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Tangu 2011 timu yetu ya wakubwa ya wanaume haijacheza Kombe la Dunia lolote.

Majirani je? Novemba 2023 kule Windhoek, kwenye mchujo wa Afrika ambao sisi pia tulikuwepo, Uganda iliifunga Zimbabwe na kwenda Kombe la Dunia la ova 20 la 2024. Huko Guyana, dhidi ya Papua New Guinea, Frank Nsubuga alirusha ova zake 4, akatoa mikimbio 4, akaangusha wiketi 2. Umri: miaka 43. Uganda ikashinda mechi yake ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia.

Mtasema, basi wamefanya kosa letu. Si lazima. Katika kikosi hicho hicho kulikuwa na Juma Miyagi, kijana wa miaka 21, akirusha mpira mpya kwenye mechi hizo hizo. Mzee akiwa na mtoto pembeni ni mwalimu. Mzee akiwa peke yake ni deni. Ndugu zangu wa Kampala, mshangilieni Nsubuga, anastahili. Halafu asubuhi yake ulizeni nani anajifunza kwake.

Hapa Ukambani jambo hili halihitaji profesa. Bwawa la mchanga hulijengi siku mvua inaponyesha. Unalijenga mto ukiwa mkavu, wapita njia wakikucheka, na bado mchanga unaweza kuchukua misimu miwili mitatu kujaa. Maji ya ukame wa mwaka kesho yalichimbiwa miaka iliyopita. Mrushaji wa mtoano ni hivyo hivyo.

Basi sitaki kulalama tu. Nataka mambo matatu kutoka kwa yeyote anayeteua timu ya taifa:

1. Kila kikosi kinapotangazwa, kando ya jina la kila mrushaji liandikwe jina la msaidizi wake, na idadi ya ova alizorusha msaidizi huyo kwenye ligi mwaka huo. Ikiwa ni sifuri, iandikwe sifuri. Tuione.

2. Nafasi moja ya kikosi iwe ya kijana anayezungusha mpira, chini ya miaka 23, na achezeshwe mechi za makundi kabla ya mtoano. Si kubeba maji.

3. Kumbukumbu za ligi zitunzwe mahali pamoja, mpira kwa mpira, kila mtu azisome. Hilo la tatu ni kazi yangu. Programu nitaiandika mwenyewe, bure, na kodi yake itakuwa wazi kwa kila mtu. Ninachohitaji ni karatasi za matokeo na mtu wa kujibu simu.

Mnaoipenda picha ya Durban, endeleeni kuitumiana. Ila safari hii, chini yake ongezeni swali: nani alikuwa wa akiba? Wahenga walisema akiba haiozi. Kwetu haikuoza kwa sababu haikuwekwa.