Grafu za Hisa na Kipimo cha Uwiano

Hisa za kampuni ya Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa bei ya shilingi 5 kila moja. Mapema mwaka 2009 bei hiyo ilikuwa imeteremka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita 40, kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Katika grafu ya kawaida, ambamo kila shilingi hupewa nafasi sawa, anguko la kwanza huonekana kama kikunjo kidogo tu, ilhali la pili huonekana kama genge refu.

Maoni yangu ni kwamba grafu ya aina hii, inapohusu miaka mingi, humpotosha msomaji. Tuchukulie mkazi wa Muhuru Bay aliyekuwa na hisa 1,000 alizozinunua kwa shilingi 5,000. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya asilimia 40 ya mtaji wake ilikuwa imeyeyuka. Je, hicho ni kikunjo?

Kipimo cha logi hutenga nafasi kwa uwiano. Kupanda kutoka 5 hadi 10 huchukua nafasi sawa na kupanda kutoka 20 hadi 40, kwa kuwa kote bei imeongezeka maradufu. Kushuka kutoka 40 hadi 15 huwa takriban mara mbili tu ya kushuka kutoka 5 hadi 3. Katika grafu ya kawaida ni zaidi ya mara 12.

Yamkini wapo watakaosema kwamba elimu hii ni nzito mno kwa mwananchi wa kawaida. Sikubaliani nao. Mchuuzi wa omena anajua fika kuwa faida ya shilingi 100 kwa mtaji wa 200 si sawa na faida iyo hiyo kwa mtaji wa 2,000. Hoja yenye uzito ni kwamba kipimo hiki huweza kuifanya hasara kubwa ionekane ndogo machoni pa asiyekizoea. Kwa hiyo magazeti yakitumie, lakini yaandike bei waziwazi kando ya mstari na kutaja aina ya kipimo.

Kinachomkwaza mchuuzi yule ni istilahi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tunao wajibu hapo. Napendekeza tukiite "kipimo cha uwiano", jina linaloeleza kazi yake. Mwenye jina bora na alilete.