Jumapili ya Mfanyakazi wa Nyumbani Si Anasa

Aliyekwenda nchi ya watu kutafuta riziki huambiwa hana haki ya wikendi yenye pilikapilika. Imani hiyo imeota mizizi Afrika Mashariki. "Amekwenda kutafuta, hakwenda kustarehe," husemwa pale picha ya binti wa ukoo inapoonekana kwenye simu, yuko bustanini na wenzake, sahani za wali mapajani, wote wanacheka. Siku ya mapumziko, kwa fikra hizo, ni ya kulala na kuhesabu akiba. Marafiki, ngoma na vikao vitangoja hadi arudi. Imani hiyo ni potofu, na hakuna mahali inapoumbuka kama Hong Kong, mji wenye wafanyakazi wa nyumbani wa kigeni zaidi ya 300,000, karibu wote kutoka Ufilipino na Indonesia.

Sheria ya ajira ya Hong Kong inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, saa 24 mfululizo, na mwajiri anayemlazimisha kufanya kazi siku hiyo anatenda kosa. Kwa wengi siku hiyo ni Jumapili. Lakini tangu mwaka 2003 mfanyakazi wa nyumbani wa kigeni analazimika pia kuishi kwa mwajiri wake, katika mji ambao nyumba ni finyu hata wengine hulala sebuleni au jikoni. Akibaki ndani hapumziki: mtoto akilia ataitwa, sahani zikijaa ataziosha, na mgeni wake hana pa kukaa. Kwa hiyo hutoka.

Wafilipino huenda eneo la Central. Hujaa Statue Square, Barabara ya Chater, ambayo hufungwa kwa magari kila Jumapili tangu mwaka 1982, na uwanja ulio wazi chini ya makao makuu ya benki ya HSBC, jengo lililosanifiwa na Norman Foster. Waindonesia huelekea zaidi Victoria Park, Causeway Bay. Hutandika kadibodi chini, hupandisha nyingine pembeni ziwe kuta, huvua viatu na kuingia. Kufikia jioni kila kitu kimekunjwa na kuondolewa.

Mpita njia huona uzembe. Mwaka 1992 wafanyabiashara wa Central walitaka barabara irudishiwe magari, na likatolewa hata pendekezo la kuwahamishia akina mama hao kwenye maegesho ya chini ya ardhi. Hilo ndilo jicho la mwenye duka. La ajabu ni kwamba ndugu wa mfanyakazi, aliye mbali na anayemtakia heri, huitazama picha ile ile kwa jicho hilo hilo.

Kinachofanyika juu ya kadibodi hizo ni kingi. Mmoja anamsuka mwenzake nywele, wengine wanafunga sanduku la sabuni, nguo na vyakula vya kopo vya kusafirishwa kwa meli hadi kijijini. Kikundi cha Waindonesia kinasoma Kurani. Kwaya inafanya mazoezi hatua chache kutoka foleni ya kutuma fedha. Aliyefika juzi anasomewa mkataba wake na aliyekaa miaka kumi, ambaye anajua kipengele gani mwajiri hupenda kukisahau. Upatu unachezwa. Panatangazwa msiba, na mchango unakusanywa papo hapo. Katika uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana lipo shirika la Mission for Migrant Workers, lililoanza mwaka 1981, linalopokea malalamiko ya mishahara na manyanyaso. Yapo hata mashindano ya urembo, ambayo filamu ya Sunday Beauty Queen ya Baby Ruth Villarama iliyaonyesha mwaka 2016 na kushinda tuzo ya filamu bora katika tamasha la Metro Manila. Anayedhani taji la Jumapili ni upuuzi ajaribu kwanza kuitwa "msaidizi" siku sita mfululizo.

Hoja kubwa ya wanaolaumu ni fedha. Ni kweli michango huweza kulemea, na vipo vikundi vinavyobana wanachama wake kupita kiasi. Lakini Jumapili ya kadibodi ni rahisi kuliko burudani nyingine yoyote mjini humo: kiwanja ni bure na chakula kimepikwa. Mshahara wa mfanyakazi huvuja kwingine, kwa mawakala. Sheria ya Hong Kong inamruhusu wakala kumtoza asilimia 10 tu ya mshahara wa mwezi wa kwanza, lakini wengi huwasili wakiwa tayari na madeni makubwa ya ada walizotozwa kwao, na miezi ya mwanzo huishia kuyalipa. Deni hilo halina picha ya kucheka kwenye simu, kwa hiyo halina wa kulikemea.

Hoja ya pili ni kwamba maisha haya ni ya muda. Mkataba ni wa miaka miwili, ndiyo, ila huhuishwa tena na tena. Evangeline Vallejos, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino, alifika Hong Kong mwaka 1986. Aliomba ukazi wa kudumu, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mwisho ikaamua kwamba wafanyakazi wa aina yake hawastahili, hata wakae miaka mingapi. "Muda" wa namna hiyo unaweza kumeza ujana wote wa mtu. Anayemwambia asubiri kuishi mpaka arudi anamtaka asubiri mpaka uzee.

Kuna pia usalama, na hapa lawama hugeuka hatari. Erwiana Sulistyaningsih kutoka Indonesia alifanya kazi katika nyumba moja ya Hong Kong tangu Mei 2013 hadi Januari 2014 akipigwa, bila kupewa siku ya mapumziko. Hakuwa na Jumapili, hivyo hakuwa na wa kuyaona majeraha yake. Aligunduliwa uwanja wa ndege, akiwa njiani kurudishwa kwao, na Mwindonesia mwenzake aliyeshtuka kumwona hali ile. Maelfu waliandamana Januari 2014, na siku waliyoandamana, tarehe 19, ilikuwa Jumapili. Mwaka uliofuata mwajiri alifungwa miaka sita.

Wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba wanalijua jambo hili kwa upande wake mchungu. Saudi Arabia iliweka kanuni ya siku moja ya mapumziko kwa wiki mwaka 2013, na Qatar ikatunga sheria mwaka 2017. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema zaidi: mfanyakazi asilazimishwe kubaki ndani ya nyumba wakati wa mapumziko yake. Hata hivyo wengi hawatoki, simu zao hushikiliwa, na mwajiri hueleza kwamba binti hana anakokwenda, kwani amekuja kufanya kazi. Maneno hayo mwajiri kayakuta yameshasemwa nyumbani kwa binti, na wazazi wake, kabla hajapanda ndege.